Radio isiyokuwa na stesheni: vita ya HD DVD na Blu-ray

Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, historia ninaisomaka usiku kama umeme uko. Leo naomba mniache nitoke kidogo shambani, juu kuna mashine moja imekaa nyumbani kwetu tangu 2008, na kwa miaka mingi sikuelewa ilikufa vipi kabla hata haijatufikia.

Ilikuwa mwezi wa tatu 2008, hapa Bukavu. Watu wa umri wangu wanakumbuka ule mwaka: mwezi wa pili tetemeko la ardhi lilikuwa limetutikisa, nyumba nyingi zilikuwa na nyufa, na usiku tulikuwa bado tunaogopa kulala ndani. Mimi nilikuwa mwaka wa sita primere. Baba mdogo anayeishi Ubelgiji akatutumia karto kwa mtu aliyekuwa anashuka Kigali. Ndani mlikuwa lekta nyeusi, nzito, imeandikwa HD DVD, pamoja na diski mbili za filme. Baba mdogo alikuwa amepiga simu mapema: "Yaya, hiyo iko ya mwisho kabisa. Mutaona mpaka jasho ku sura ya mutu."

Tuliiunga ku televisheni yetu ya mgongo, na zile kamba tatu, ya njano, ya nyekundu na ya nyeupe. Filme ikatoka. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa sawa tu na ile ya DVD ya jirani. Jasho hatukuliona. Leo ninajua sababu: tele ya mgongo pamoja na kamba ya njano haviwezi kubeba picha ya namna ile, hata umpe diski ya malaika. Lakini shida kubwa ilikuja kisha wiki mbili, wakati tulikuwa tumemaliza filme zetu mbili na tunataka ya tatu. Ku soko ya Kadutu wauzaji walikuwa na DVD za filme ishirini mu diski moja, picha zake zimebanwa mpaka zinakosa pumzi. HD DVD? Walitucheka. Papa akampigia mdogo wake: "Mudogo wangu, aksanti sana. Lakini umenitumia radio isiyokuwa na stesheni."

Baba mdogo alikuwa amenunua ile lekta kwa Noeli ya 2007, kwa bei ya kupunguzwa, na muuzaji akamwambia hii njo kesho yetu. Ile kesho ilidumu chini ya miezi miwili.

Tuanze na mwanga, juu vita yote ilianzia pale. Diski inasomwa na mwali wa laser. CD inatumia mwali wa urefu wa nanometa 780, ambao jicho halioni. DVD inatumia mwekundu wa nanometa 650. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo ncha ya mwali inavyokuwa nyembamba. Mtu wa kulima anaelewa haraka: ukiwa na jembe pana, mistari yako itaachana, ukiwa na jembe jembamba, mistari inakaribiana, na shamba lile lile linabeba mimea mingi zaidi. Ku DVD mistari inaachana kwa mikrometa 0.74. Fundi yeyote alijua kwamba angepata mwali wa buluu, angepanda karibu zaidi. Shida ni kwamba kwa miaka mingi hakuna mtu aliyeweza kutengeneza laser ndogo ya buluu inayodumu.

Aliyefungua mlango ni Shuji Nakamura, mfanyakazi wa kampuni ndogo ya Japani inayoitwa Nichia, katika mji wa kando. Naomba nikae hapa kidogo, juu tuko ukurasa wa walisansie na kuna wengine wetu wanafikiri bila doktora hawawezi kufanya kitu. Nakamura alipoanza ile kazi hakuwa na doktora. Aliipata 1994, wakati taa yake ya buluu ilikuwa tayari imeshatangazwa. Kwa uvumbuzi ule kampuni ilimpa zawadi ya yeni 20,000, ambazo hazifiki dolari 200. Aliishitaki, wakapatana mwaka 2005 kwa yeni karibu milioni 840. Na 2014 akapewa tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Laser ya buluu ilifuata ile taa, katikati ya miaka ya 1990, na ikatoa mwali wa nanometa 405. Jembe jembamba likawa limepatikana.

Sasa kama jembe ni moja, mbona fomati zikawa mbili?

Pande zote mbili zilitumia mwali ule ule wa nanometa 405. Walichoachana ni kina. Ndani ya DVD habari imelala katikati ya plastiki, milimita 0.6 kutoka juu. Toshiba na NEC walisema: tuache pale pale. Hivyo viwanda vinavyotoa DVD vitabadilishwa kidogo tu na vitatoa diski mpya kwa bei ndogo. Hiyo njo HD DVD: giga 15 kwa tabaka moja, 30 kwa mawili. Sony, Philips, Matsushita (yule tunayemjua kwa jina la Panasonic) na wenzao walisema: hapana, tulete habari karibu kabisa na uso, milimita 0.1 tu, ili tutumie lenzi yenye nguvu zaidi. Hiyo njo Blu-ray: giga 25 kwa tabaka moja, 50 kwa mawili. Mistari yake ni mikrometa 0.32, wakati ile ya HD DVD ni 0.40. Bei yake ilikuwa kwamba viwanda vinahitaji mashine mpya, na diski ilikuwa rahisi kukwaruzika mpaka TDK walipopata rangi ngumu ya kuifunika.

Ukiniuliza kama fundi, nitasema Blu-ray ilibeba zaidi. Ukiniuliza kama mtoto wa Bukavu, HD DVD ilikuwa na jambo moja ambalo sikulijua wakati ule na ambalo linaniuma hadi leo: haikugawa dunia. DVD iligawa dunia kwa namba. Sehemu kubwa ya Afrika ilipewa namba 5, Ulaya namba 2, ili diski ya baba mdogo ikatae ku lekta iliyouzwa kwetu. Blu-ray iligawa pia, A, B na C, hata kama safari hii walituweka pamoja na Ulaya katika B. HD DVD haikuweka mpaka wowote. Diski ilikuwa na ruhusa ya kuingia kila nchi. Tu hakuna diski iliyokuja.

Wakubwa wale hawakuwa wageni wa vita. Sony ilitoa Betamax 1975, JVC ikatoa VHS 1976, na Betamax ikashindwa, hata kama wengi walisema picha yake ilikuwa safi zaidi. Kaseti ya kwanza ya Betamax ilirekodi saa moja. Ile ya VHS mbili. Katika miaka ya 1990, walipotaka kuleta DVD, vita ilitaka kuwaka tena: Sony na Philips upande mmoja, Toshiba na Matsushita upande mwingine. Wakati ule makampuni ya kompyuta, IBM mbele, yalisema wazi kwamba hayatapokea fomati mbili. Wakapatana mwaka 1995, na DVD moja ikatoka Japani mwisho wa 1996. Mimi ninaona hapo njo siri ya mafanikio ya DVD. Mtu aliyenunua lekta hakuhitaji kuuliza chochote dukani.

Safari ya pili hakuna aliyewalazimisha. Mwezi wa pili 2002 makampuni tisa yakatangaza Blu-ray, Matsushita akiwa amevuka na kukaa upande wa Sony. Toshiba na NEC wakaleta yao, na 2003 ile jumuiya ya DVD ikaibariki kwa jina la HD DVD. Mwaka 2005 walikaa tena kujaribu kuunganisha, mazungumzo yakavunjika. Wanasema ilikuwa milimita 0.1 na 0.6. Mimi ninafikiri ilikuwa pia hesabu ya nani atapokea pesa ya hati za uvumbuzi kwa kila diski na kila lekta itakayouzwa duniani kwa miaka ishirini. Hakuna anayegawa shamba la namna ile kwa urahisi. Mwaka ule ule Microsoft na Intel wakaingia upande wa HD DVD, kila mtu akachimba handaki lake.

2006 mashine zikafika madukani Marekani. Lekta ya kwanza ya HD DVD ya Toshiba mwezi wa nne, dolari 499. Ile ya kwanza ya Blu-ray, ya Samsung, mwezi wa sita, dolari 999. Fikirieni mteja aliyesimama pale. Amebeba pesa, ameshanunua tele mpya ya bapa, anataka picha nzuri. Upande huu kuna filme za Universal ambazo hazipatikani upande ule. Upande ule kuna za Disney, za Fox, na za Sony wenyewe, ambao walikuwa wamenunua studio ya Columbia tangu 1989. Warner na Paramount walitoa pande zote mbili. Kwa hiyo hakuwa anachagua mashine. Alikuwa anachagua filme gani watoto wake hawataziona. LG ilitoa lekta inayosoma zote mbili mwanzo wa 2007, kwa bei iliyopita dolari elfu moja, yaani unalipa zaidi ili usichague.

Watu wengi walifanya kitu cha akili: walibaki na DVD yao, wakangoja. Ninapenda kulisema hili juu tunapohadithia vita za namna hii tunasemaka "wateja walichagua". Wapi! Sehemu kubwa ya wateja hawakuchagua. Walikaa wakitazama wakubwa wawili wanapigana.

Katika kazi yangu ninakutana na jambo hili kila msimu. Unapeleka mbegu mpya Kabare, unaonyesha mavuno, unaongea juu ya magonjwa. Mama mmoja mzee ananyamaza mpaka mwisho, halafu anauliza swali moja tu: "Mutoto wangu, na mwaka ujao hii mbegu nitaitosha wapi?" Mwanzoni lile swali lilinichokesha, nilidhani mama hajafuata. Kumbe alikuwa ameshafika mbele yangu. Mbegu nzuri ambayo mwakani haipo ni hasara ya shamba zima. Lekta ya HD DVD ilikuwa mbegu nzuri. Na wale wenye kujibu swali la mama, nani ataleta mwakani, hawakuwa Toshiba wala Sony. Walikuwa wenye filme na wenye maduka.

Silaha kubwa ya Sony haikuuzwa kama lekta. Mwezi wa kumi na moja 2006 walitoa PlayStation 3, na kila moja ilikuwa inasoma Blu-ray. Bei yake Marekani, dolari 499 na 599, ilifanya watu walalamike, lakini hata pale Sony ilikuwa inauza chini ya gharama. Kijana ananunua mashine ya mchezo, bila kujua ameshaingiza Blu-ray mu nyumba ya wazazi wake. Microsoft, wao, hawakuweka HD DVD ndani ya Xbox 360. Waliiuza kando, dolari 199, anayetaka anunue. Tofauti ndogo ya namna hii njo ilimaliza kazi. Kufikia mwisho wa 2007 PlayStation 3 zaidi ya milioni 10 zilikuwa zimeshatoka. Lekta zote za HD DVD, ukizijumlisha na zile za kando za Xbox, zilihesabiwa karibu milioni moja tu.

Lakini haikuonekana wazi wakati ule, na hapa ninamtetea baba mdogo. Mwezi wa nane 2007 Paramount na DreamWorks Animation waliacha Blu-ray wakaenda HD DVD peke yake; magazeti ya Marekani yakaandika kwamba walipewa pesa, wakataja dolari milioni 150 kwa wote wawili. Filme ya Transformers ikatoka HD DVD tu. Mwezi wa kumi na moja Walmart iliuza lekta ya HD DVD kwa siku moja kwa dolari 98.87, na watu wakapanga mstari. Mtu anayesoma habari hizo mu Disemba, akiona bei imeshuka vile, angefikiri nini? Angefikiri HD DVD inashinda. Sisi wote tunajifunza chuoni kwamba bei ikishuka kitu kinaenea. Hatufundishwi vizuri kwamba bei inashuka pia wakati mwenye duka anataka kutosha mzigo kabla haujaoza.

Tarehe 4 Januari 2008, Warner akasema: sasa ni Blu-ray peke yake. Warner ndiye aliyekuwa anauza DVD nyingi kuliko studio zote Marekani. Ilikuwa siku chache kabla ya maonyesho makubwa ya Las Vegas, na watu wa HD DVD walikuwa wamepanga mkutano na waandishi wa habari kule. Wakaufuta. Mwezi wa pili Netflix akaondoka, Best Buy akaegemea Blu-ray, tarehe 15 Walmart akasema ataacha. Tarehe 19 Februari 2008, Atsutoshi Nishida, mkubwa wa Toshiba, akatangaza kwamba wanaacha HD DVD. Soko la hisa lilikuwa limeshasikia habari, na hisa za Toshiba zikapanda. Msiba nyumbani kwetu, furaha Tokyo.

Karto yetu ilikuwa bado iko Brussels, inangoja mtu wa kuileta.

Kuna kitu kimoja kuhusu ile tarehe 19 ambacho hadithi nyingi za vita hii zinakipita haraka. Siku ile ile ya kuzika HD DVD, Toshiba walitangaza pia mpango wa viwanda viwili vipya vya kutengeneza kumbukumbu ya flash, pamoja na SanDisk ya Marekani. Ile kumbukumbu ya flash ilizaliwa kwao, kazi ya injinia wao Fujio Masuoka katika miaka ya 1980. Walitoa pesa mu diski wakaziweka mu flash.

Sasa mjiulize wenyewe: Blu-ray iliyoshinda, nani kati yetu aliyeiona? Mimi nimeishi Bukavu, nimesoma, nimepita Goma na Uvira, sijaona hata siku moja mtu ananunua filme ya Blu-ray ku soko. Ilishinda vita, lakini mlango wetu haikuugonga. Hata kule kwao haikupata miaka mingi ya utawala, juu Netflix alikuwa ameshaanza kutuma filme kwa intaneti tangu Januari 2007, vita bado inawaka. Kwetu kilichokuja ni flash. Miaka ya 2010 ulikuwa unaenda kwa kijana mwenye kompyuta kando ya barabara, unamupa flash yako ao kadi ya simu, anakuwekea filme tano kwa faranga chache, unarudi nyumbani. TFC yangu ilisafiri ku flash. Data zangu za mihogo vilevile, na mara moja virusi vilizikula zote, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Muziki wa harusi, mahubiri, mitihani ya zamani ya eta, vyote ku flash. Haina namba ya Afrika wala ya Ulaya. Hakuna studio iliyoulizwa.

Sisemi Toshiba walituonea huruma. Walifuata faida, kama kila mtu. Lakini nikiangalia tangu hapa nilipokaa, ninaona ile fomati iliyofika kwetu haikuwa mu orodha ya vita. Waandishi wa habari walihesabu diski, studio na maduka, kumbe jibu la lile swali la mama wa Kabare lilikuwa limekaa mu sentensi ya pili ya tangazo.

Wiki jana mama alitaka kupanga nyumba, akaikuta ile lekta chini ya kitanda cha wageni. Kwa miaka tuliitumia kama DVD ya kawaida, juu lekta za HD DVD zinasoma DVD pia. Nikaifungua na turnevisi kutosha vumbi, nikaangalia kile kijicho cha kusomea. Mashine ya namna hii inabeba miali yote, mwekundu kwa DVD, wa buluu kwa HD DVD. Ule mwekundu umefanya kazi mpaka umechoka: harusi ya dada yangu, kilio cha koko, komunyo ya kwanza ya wadogo, na zile filme ishirini-mu-moja za Kadutu. Ule wa buluu, ule uliofuata taa iliyompa Nakamura Nobel na ambao wakubwa walipigania miaka sita, nikihesabu vizuri uliwaka nyumbani kwetu kwa filme mbili tu.

Mama anauliza kama fundi wa pale chini atainunua hata kwa dolari tano. Nimemwambia angoje kidogo, ninakili kwanza harusi ya dada ku flash.